Mcheke Serikali, Usimcheke Bosco

Kuna mzaha mmoja ambao Nairobi imekataa kuuzika: ati mbwa wa Karen hupata visa kabla ya Mkenya mwenye digrii. Picha ya mbwa ndani ya kizimba cha safari pale JKIA ikitua tu mtandaoni, watu hukimbilia kuandika yale yale. "Hata mbwa ameomoka." "Mungu, nipe maisha ya huyu mbwa." Tunacheka, tunasambaza, tunalala. Mimi huo mzaha nimeuchoka, na si kwa sababu sina ucheshi. Nimeuchoka kwa sababu unatufanya tumkasirikie mnyama huku wanaostahili hasira yetu wakipita kando wakipiga mluzi.

Naongea nikijua ninachosema. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo iliponishinda, na tangu hapo naandika makala za kulipwa moja moja. Kwa familia yetu hiyo haiitwi kazi, inaitwa kukaa nyumbani na laptopu. Kwa hivyo dadangu mkubwa, ambaye ni muuguzi, alipopata mkataba Ujerumani na kuapa kwamba haendi bila mbwa wake wawili, kazi ya kuwatayarisha iliniangukia mimi. Bosco ni mbwa wa kienyeji, rangi ya chai ya maziwa, aliokotwa Kayole akiwa mdogo kama kiatu. Chita anafanana na German Shepherd, mradi umwangalie ukiwa mbali na jioni imeingia.

Familia ilipopata habari, kundi letu la WhatsApp liliwaka. Shangazi akauliza kwa nini wasipelekwe ushago wakale ugali kama mbwa wengine. Mathe akapiga simu kabisa: "Mimi nimekuzaa, nikakusomesha, na sijawahi kuona ndege kwa ndani. Huyo Bosco amekufanyia nini?"

Tuanze na hiyo visa, basi. Mbwa hapati visa. Mbwa hufanyiwa mtihani, tena mrefu. Umoja wa Ulaya una orodha ya nchi ambazo mbwa wake huingia kwa urahisi, na Kenya haimo. Mbwa anayetoka huku lazima kwanza awekewe chipu chini ya ngozi, halafu ndipo achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa. Mpangilio huo hauna mchezo: chanjo iliyotangulia chipu haihesabiki. Bosco alikuwa na kadi yake ya chanjo, imepigwa mihuri vizuri, lakini hakuwa na chipu. Kadi ikawa karatasi tu. Akaanza upya.

Baada ya chanjo unangoja angalau siku 30, kisha damu inatolewa na kupelekwa maabara inayotambuliwa na Ulaya. Damu ya Bosco ilipanda ndege kabla ya Bosco. Kule wanapima kama chanjo imezalisha kingamwili za kutosha, na kiwango cha chini ni uniti 0.5 kwa kila mililita. Akifaulu, bado haendi. Anakaa miezi mitatu mingine, kuanzia siku damu ilipotolewa. Piga hesabu: miezi minne, na hapo hakuna kitu kimeenda kombo. Dadangu alikuwa anapambana na Kijerumani cha B2, mbwa wake wakipambana na kalenda.

Halafu kuna cheti cha afya, ambacho lazima kitolewe na daktari wa mifugo wa serikali, na ambacho hudumu siku 10 tu hadi mnyama akaguliwe mpakani Ulaya. Ndege ikiahirishwa wiki mbili, unarudi Kabete kupanga foleni. Kuna kizimba cha safari, ambacho mbwa lazima aweze kusimama, kugeuka na kulala ndani yake bila kubanwa. Chita alikiogopa kama jeneza. Kwa wiki kadhaa nilimlisha humo ndani, mlango wazi, hadi akaanza kulala humo mwenyewe, kwa sababu kumpa dawa ya usingizi ndiyo avumilie safari ni hatari na mashirika mengi ya ndege hayataki.

Dada angekuwa anaenda Uingereza, ningeongeza dawa ya minyoo kati ya saa 24 na 120 kabla ya kufika. Angekuwa anaenda Marekani, ningekutana na masharti mapya yaliyoanza tarehe 1 Agosti 2024, ambayo yanaiweka Kenya kwenye kundi la nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa. Na kila hatua inalipiwa. Jumla yake ingenunua pikipiki ya bodaboda, na wala sisemi kuukuu.

Sasa, mzaha una nusu ya ukweli na siwezi kuuficha. Bosco akitimiza masharti, anaenda. Hakuna aliyemuuliza ana shilingi ngapi benki, au kama ana shamba la kumfanya arudi. Masharti yake yameandikwa, na ukiyatimiza mlango unafunguka. Msee wa Umoja Innerland anatimiza kila kitu, analipa ada isiyorudishwa, kisha anapewa barua ya mistari mitatu kwamba ofisa "hakuridhika". Hilo ni tusi. Lakini tusi hilo limeandikwa na ubalozi, halikuandikwa na mbwa. Ukiwa na hasira na dirisha la visa, ipeleke dirishani.

Na wale wanaosema "anapenda mbwa kuliko watu" nawauliza: mnapendekeza nini hasa? Kwa sababu nimeona yanayotokea mtu akisafiri bila mpango. Mbwa anaachiwa askari wa lango, ambaye mshahara wake haumtoshi yeye mwenyewe. Askari akibadilishwa, mbwa anabaki nje. Au anapelekwa ushago kwa ahadi kwamba kuna uwanja mkubwa, na uwanja mkubwa maana yake ni barabara. Baada ya mwaka mmoja ni mbwa wa mtaani, hana chanjo wala mwenyewe. Sheria yetu ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura 360, inahesabu kumtelekeza mnyama bila sababu ya maana, katika hali ya kumtesa, kuwa kosa. Lakini nani amewahi kushtakiwa kwa kumwacha mbwa langoni? Dadangu hakufanya anasa. Alimaliza kitu alichokianza, na katika mji huu hiyo imekuwa tabia ya kushangaza.

Hapo ndipo nafika kwenye hasira yangu yenyewe. Kwa nini mbwa wa Kenya anahitaji miezi minne na damu yake kusafiri? Kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ulithibitishwa kwa mara ya kwanza nchini mwaka wa 1912, kwa mbwa wa viunga vya Nairobi. Zaidi ya miaka 110 baadaye, bado tuko nao. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huo unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na kwamba asilimia 99 ya wanaoambukizwa waliupata kutoka kwa mbwa. Dalili zikishaonekana, karibu hakuna anayepona. Na dawa yake inajulikana: ukichanja asilimia 70 ya mbwa katika eneo, mfululizo, ugonjwa unakosa pa kupita. Kenya yenyewe ina mkakati wa kuumaliza, wa 2014 hadi 2030, umeandikwa vizuri na unataja chanjo hiyo hiyo. Miaka ya mkakati inaisha. Toka nje uhesabu mbwa wa mtaa wako, kisha uniambie wangapi wamechanjwa.

Bosco alikuwa nusu ya safari yake ya makaratasi wakati mtoto wa jirani yetu, mvulana wa miaka saba, aliumwa mguuni na mbwa akitoka shule. Mbwa wa nani? Wa kila mtu, maana yake si wa yeyote. Tulikiosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, mtoto akipiga nduru. Nilijua la kufanya kwa sababu nilikuwa nimekaa miezi kwenye benchi la daktari wa Bosco. Kisha mamake akaanza kuzunguka. Hospitali ya umma ya kwanza, chanjo imeisha. Ya pili, wakamwambia anunue nje aje nayo. Alikopa kwa chama, akanunua dozi moja, akaanza kutafuta ya pili kabla ya siku yake kufika. Mtoto alimaliza dozi zote na yuko sawa, anasumbua ploti nzima kwa mpira. Lakini kwa wiki kadhaa mamake alikuwa akimwamsha usiku kumnywesha maji, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba mwenye kichaa cha mbwa huyaogopa.

Wiki hiyo hiyo majibu ya Bosco yalifika. Kingamwili tele. Nilisimama kwenye ngazi za ploti nikiwa na karatasi inayosema mbwa yuko salama kwa Wajerumani, na chini yangu kuna mama asiyejua kama mtoto wake yuko salama kwa Wakenya. Hapo ndipo ule mzaha uliniishia.

Angalieni mlivyokuwa mkicheka kinyume. Nchi hii inajua kumchanja mbwa. Ina madaktari wa mifugo na ofisi ya kutoa vyeti. Inajua kuhakikisha mbwa mmoja hawezi kumuua mtoto wa Ulaya. Huo ujuzi wote unaamka mbwa akiwa na tiketi ya ndege mkononi mwa mwenyewe. Anayebaki Kayole au Likoni hana wa kumwandikia cheti.

Anachopata ni sumu. Kila baada ya malalamiko, kaunti fulani inatangaza kwamba itapunguza mbwa wazururao, na asubuhi watoto wanapita kando ya mizoga wakienda shule. Wataalamu wa kichaa cha mbwa wamesema hadi wamechoka kwamba kuua mbwa hakumalizi ugonjwa huu. Ukiua wa mtaa huu, wa mtaa wa pili wanahamia, na hao pia hawajachanjwa. Hata kama huna huruma ya mbwa, kuwa na huruma ya kodi yako.

Na kabla hujaniambia kwamba Ujerumani ni tajiri ndiyo maana, sikia walichofanya. Kwao ugonjwa ulikuwa kwa mbweha wa porini. Kuanzia 1983 walitawanya vyambo vyenye chanjo ndani, mbweha wakala, na 2008 nchi ikatangazwa kuwa haina tena kichaa cha mbwa kwa wanyama wa nchi kavu. Walihitaji miaka 25 ya kurudia jambo lile lile bila kuchoka. Wao walitega chambo chenye chanjo kwa mnyama wa mwitu asiye na mwenyewe. Sisi tunatega chambo chenye sumu kwa mbwa aliyelala mlangoni petu. Huko Berlin mbwa wa kwanza hulipiwa kodi ya euro 120 kwa mwaka, na kila anayefuata euro 180. Unaweza kuiita hiyo kodi upuuzi, lakini maana yake ni kwamba serikali inajua mbwa yupo na ni wa nani. Hapa serikali humjua mbwa akishauma, na hata hapo si siku zote.

Kwa hivyo nataka tuache kucheka na tuanze kudai. Chanjo ya mbwa iwe ya bure kila mwaka, mtaa kwa mtaa, si siku moja ya picha tarehe 28 Septemba. Chanjo ya mtu aliyeumwa iwepo katika kila hospitali ya kaunti ndogo, siku zote, bila mama kutumwa dukani. Waziri wa afya wa kaunti yako akija kuomba kura za bosi wake, muulize dozi ngapi ziko kwenye friji leo. Swali fupi, na jibu lake lina namba.

Na wewe unayejiandaa kutoka, maana najua mko wengi na sisemi vibaya: kama una mbwa, anza kumshughulikia siku unayoanza kutafuta kazi ya nje, usingoje siku ya kununua tiketi. Chipu kwanza, chanjo baadaye. Kama huwezi kumbeba, na wengi hatuwezi, mtafutie mtu mwenye jina na namba ya simu, mchanje kabla ya kumkabidhi, na kadi yake uiache hapo. Kama hata hilo ni kazi nyingi, basi ulikuwa na kengele ya lango yenye miguu minne.

Bosco na Chita wako salama, na watoto wa mtaa wao mpya wako salama nao. Sasa tuongee kuhusu huyo aliyelala nje ya lango lako.