Saa Mbili Jimu za Nini?

Swali ninaloulizwa mara nyingi na watengenezaji programu wenzangu siku hizi si la Linux wala la hifadhidata. Wanauliza: mtu akienda jimu, akae muda gani? Jibu langu ni fupi na huwaudhi wengi. Dakika 40 hadi 50, mara tatu kwa wiki, kisha nenda nyumbani. Ukiwa na dakika 15 tu, nenda na hizo 15.

Najua wapo watakaonipinga. Kuna imani kwamba asiyekaa jimu saa moja na nusu anacheza tu. Imani hiyo ni ndugu wa ile tuliyo nayo kazini, kwamba mtengenezaji programu hodari ni yule anayetoka ofisini saa nne usiku. Walikuwepo hata mameneja waliopima kazi kwa kuhesabu mistari ya msimbo! Anayeijua kazi hii anajua kwamba siku nzuri wakati mwingine ni ile uliyofuta mistari 300 na programu ikaenda mbio kuliko jana.

Tupige hesabu. Chukua mazoezi manne: kuchuchumaa na chuma mabegani, kulala benchi na kusukuma chuma, kuvuta chuma kuelekea tumboni, na kunyanyua chuma juu ya kichwa. Kila zoezi seti nne, jumla 16. Seti moja ya kunyanyua mara kumi huchukua kama sekunde 40. Zidisha: sekunde 640, chini ya dakika 11. Hiyo ndiyo kazi yote ambayo misuli imefanya. Muda mwingine wote ni kupasha mwili joto, kupumzika, kungoja mashine, kunywa maji, kupiga soga, na simu.

Simu hasa. Nenda jimu yoyote ya Nairobi saa kumi na mbili jioni uangalie. Jamaa amekalia benchi, chuma kimelala nyuma yake, vidole viko WhatsApp. Watu watatu wanamngoja. Akiulizwa atasema amefanya mazoezi saa mbili, na saa yake ya mkononi itamtolea ushahidi.

Lakini nisieleweke vibaya: kupumzika kati ya seti si upotevu. Mwaka 2016 mtafiti Brad Schoenfeld na wenzake walichapisha jaribio la wanaume 21 waliozoea vyuma. Kwa wiki 8 kundi moja lilipumzika dakika 1 kati ya seti, jingine dakika 3. Waliopumzika dakika 3 ndio walioongeza nguvu zaidi, na misuli ya mbele ya mapaja yao ilinenepa zaidi. Kwa hiyo anayefupisha muda kwa kukatakata mapumziko, akihema kama aliyekimbilia matatu ya mwisho, hana cha kujivunia.

Basi dakika zipunguzwe wapi? Hapa sisi watu wa kompyuta tuna jibu ambalo tumelitumia miaka mingi. Prosesa ikiomba data kutoka kwenye diski, haikai bure ikingoja. Inashika kazi nyingine, data ikifika inarudi. Fanya vivyo hivyo. Sukuma sekunde 40, pumzika dakika moja, vuta sekunde 40, pumzika dakika moja. Mzunguko mmoja ni sekunde 200. Kifua kimepata sekunde 160 za kupumzika kabla hujarudi benchi, na katikati mgongo umefanya kazi yake. Mizunguko minane, yaani seti 16, ni kama dakika 27. Seti hizohizo ukizifanya zoezi moja baada ya jingine, kwa mapumziko yaleyale ya sekunde 160, utatumia zaidi ya dakika 53.

Kuna masharti. Kuchuchumaa na chuma kizito mimi sikuchanganyi na kitu, kwa sababu kunachosha mwili mzima na mapafu hayana pacha. Na jimu ikijaa huwezi kuhodhi mashine mbili kama mwenye nyumba. Chukua dambeli mbili, jibanze pembeni, ufanye zote hapo.

Sasa kuhusu zile dakika 15, maana ndizo zinazobishaniwa zaidi. Schoenfeld huyohuyo na wenzake walichapisha utafiti mwingine mwaka 2019. Wanaume 34 waliozoea vyuma waligawanywa makundi matatu: seti moja kwa kila zoezi, seti tatu, au seti tano. Walifanya mara tatu kwa wiki, kwa wiki 8, na kila seti walinyanyua mpaka wakashindwa. Kundi la seti moja lilimaliza kwa dakika 13 hivi. La seti tano lilipita saa moja. Nguvu iliongezeka karibu sawa kwa wote. Tofauti ilikuwa kwenye unene wa misuli: hapo waliofanya seti nyingi waliwashinda wenzao. Kwa hiyo unayetaka mikono ijaze shati una sababu halali ya kukaa zaidi, na sitakucheka. Vilevile ukiwa Eliud Kipchoge kule Kaptagat, kimbia kilomita zako nyingi asubuhi, hiyo ni kazi yako. Sisi wengine kazi yetu ni kukaa kwenye kiti saa tisa kwa siku.

Na hicho kiti ndicho kinachonifanya niandike haya. Ninaye rafiki anayeandika programu za malipo. Alilipia jimu mwaka mzima, akapewa ratiba ya saa mbili kwa siku, siku tano kwa wiki. Ana watoto wawili, na anaishi mbele ya Ruiru. Alihimili wiki tano. Baadaye kila alipopata nusu saa alisema haitoshi, heri asiende kabisa, atasubiri mradi uishe. Mradi ulipoisha ukaanza mwingine. Mwezi uliopita daktari alimwandikia dawa za presha. Ana miaka 34. Sidai kwamba jimu ingemkinga, presha ina mambo mengi. Ninachodai ni kwamba ratiba ile ilimnyima hata kile kidogo alichokuwa na uwezo nacho, na aliyempangia hakuwahi kumuuliza anafika nyumbani saa ngapi.

Shirika la Afya Duniani halikuagiza saa mbili kwa siku. Mwongozo wake wa mwaka 2020 unawataka watu wazima wafanye dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli walau siku mbili kwa wiki. Mwongozo wa mwaka 2010 ulikuwa umesema mazoezi yahesabiwe yakifika dakika 10 mfululizo. Ule wa 2020 ukaliondoa sharti hilo. Ukishuka matatu Ngara ukatembea kwa haraka hadi katikati ya jiji, hizo dakika ni zako, ziandike.

Hata zile hatua 10,000 ambazo simu inakudai kila jioni, asili yake ni biashara. Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani ilitoa kifaa cha kuhesabu hatua, ikakiita manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Jina lilipendeza, namba ikabaki. Nashuku hata saa moja ya jimu inapendwa kwa sababu kama hiyo: ni namba kamili, na inaingia vizuri kwenye kalenda.

Mimi nimejiandikia ukurasa mdogo wa JavaScript unaofunguka kwenye simu bila intaneti. Ukimaliza seti unabonyeza, unahesabu mapumziko, unalia muda ukifika. Baada ya dakika 50 unajifunga wenyewe. Hauna akaunti, hauna picha, hauna pa kujilinganisha na marafiki. Anayeutaka aniandikie barua pepe nimtumie, ni bure. Mlio wake ni mkali kidogo, kwa hiyo vaa visikizi.