KREDI ZETU NI ZETU
Tamko la vijana wa Nyangwe juu ya kuhama kutoka institi kwenda universite

Ndugu na dada wa Nyangwe, Kasongo na Kabambare, na ninyi wenzetu mulioko Kindu, Bukavu, Kisangani na Lubumbashi,

Kila mara inskripsioni zinapofunguliwa, kuna kijana wa kwetu anayepanda pikipiki na bahasha kifuani. Ndani ya bahasha kuna releve zake za institi, za L1 na L2. Toka Kasongo mpaka Kindu ni zaidi ya kilometa 200, na kila mtu anajua ile njia inakuwa namna gani mvua ikinyesha. Anafika na matope mpaka magotini, anajipanga kwenye mstari, anafika dirishani. Anaambiwa: «Hizi hapa hatuzitambui. Anza L1.»

Tunaijua hadithi hii kwa sababu ni yetu. Mmoja wetu, binti wa Nyangwe, alisoma institi miaka miwili. Mama yake aliuza mchele na mafuta ya mawese ili kulipa minervali. Kredi zake zote 120 alizipata, bila deni la kozi hata moja. Releve alizilipia, kisha akalipa tena matabishi ili zitiwe sahihi, kwa sababu mwenye muhuri alikuwa «ametoka» wiki mbili. Alipofika kwenye universite, zile kredi 120 ziligeuka sufuri. Hakuna aliyempa karatasi ya kueleza kwa nini. Ni mdomo tu. Leo yuko nyumbani, anasaidia mama kuuza mafuta. Hatutaji jina la shule wala la mtu, maana tukitaja mmoja wengine watajificha nyuma yake. Tunaongelea desturi, na desturi hii iko kila mahali.

Sasa tuseme wazi sheria inataka nini. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014, namba 14/004, ndiyo iliyoingiza LMD katika inchi yetu. Toka mwaka wa masomo 2021-2022 wizara ya ESU ilihamisha shule zote za juu kwenye LMD: universite na institi, za serkali na za watu binafsi. Mwaka mmoja ni kredi 60. Licence ni kredi 180, master ni kredi 120. Na maana yenyewe ya kredi ni hii: mwanafunzi akiisha kuipata, ni yake, anatembea nayo. Kama haitembei, basi tuliambiwa LMD lakini tulibadilishiwa tu majina ya kalasi. G1 ikaitwa L1, na mambo mengine yakabaki vilevile.

Ukinunua kredi ya simu Kasongo, unapiga nayo ukiwa Kindu. Hakuna anayekuambia kwamba ni kredi ya kijijini. Mchele uliopimwa kwenye soko la Nyangwe haugeuki majani ukivuka Lualaba. Ni kredi ya shule peke yake inayokufa njiani, nayo ndiyo tuliyoilipia bei kubwa kuliko zote.

Wakubwa wako na majibu yao. Tumeyasikia, tutayajibu moja moja.

Wanasema: «Kiwango cha institi ni cha chini.» Nani aliifungua ile institi? Nani anaituma tume ya kuikagua? Nani anatambua diploma zake? Ni wizara ileile inayosimamia universite. Serkali haiwezi kutambua shule siku ya kupokea pesa, halafu ikaikana siku ya kutambua kazi ya mwanafunzi. Na kama mna mashaka juu yetu, tupeni mtihani. Tutaufanya. Kumrudisha mtu L1 bila kumuuliza swali hata moja, hiyo haipimi kiwango chochote.

Wanasema: «Programu hazifanani.» Hapa kuna ukweli, na hatuukatai. Aliyesoma ualimu wa biolojia hawezi kuingia L3 ya sheria kwa sababu tu anataka. Lakini kozi za kifaransa, kiingereza, informatiki, uraia na namna ya kufanya utafiti zinafundishwa huku na kule. Mtu anayetoka hesabu ya institi kwenda hesabu ya universite, mnamnyima kitu gani hasa? Kaeni chini, fungueni releve, andikeni: hizi tunazipokea, hizi zinakosekana. Ni kazi ya siku moja. Hatuombi zawadi.

Wanasema: «Kwa nini hakuenda universite toka mwanzo?» Swali hili linatuuma. Mtoto wa Nyangwe anaenda institi ya karibu kwa sababu ndiyo iliyo karibu. Kule mjini kuna nyumba ya kupanga, kuni, chakula, na minervali inayohesabiwa kwa dola. Wazazi wanasema: anza hapa, tukipata nguvu utaendelea mbele. Huo ni mpango wa watu wenye akili na wasio na pesa. Anayeufunga mlango ule anawaadhibu kwa umaskini wao.

Tena ukuta huu kati ya institi na universite si wa toka enzi. Mwaka 1971 serkali iliweka universite na institi zote ndani ya nyumba moja, UNAZA. Mwaka 1981 ikazitenganisha. Haya ni maamuzi ya watu kwenye meza, na watu wanaweza kukaa tena kwenye meza.

Kuna na wenzetu wanaotucheka: «Ninyi mlimaliza universite, diploma ziko ndani ya sanduku, kazi hakuna. Munapigania nini?» Ni kweli, sisi tunaoandika haya hatuna kazi. Lakini aliyenyimwa kazi hakubali kwa sababu hiyo kunyimwa na miaka yake. Miaka miwili ya mtu ni mashamba ya mama yake yaliyouzwa mavuno.

Tunadai mambo manne:

1. Kila institi na kila universite ibandike ukutani, kabla ya inskripsioni, kozi zipi zinapokelewa na wapi.
2. Releve itolewe ndani ya siku 15, kwa bei moja iliyoandikwa, bila matabishi.
3. Jibu la ombi la kuhama litolewe kwa maandishi, kozi kwa kozi, na sahihi ya anayelitoa.
4. Mwanafunzi aliyekataliwa awe na mahali pa kukata rufaa nje ya ofisi ileile iliyomkataa.

Kwa wewe unayepanga kuhama mwaka ujao, usingoje mwisho wa L2. Anza sasa. Chukua releve kila mwaka, usiziache zirundikane kwao. Omba maelezo ya kila kozi: saa zake, kredi zake, yaliyofundishwa. Tunza kila risiti. Iandikie universite barua kabla ya kulipa safari, na nakala yake itiwe muhuri wa kupokelewa. Wakikujibu kwa mdomo, waombe waandike. Wakikataa kuandika, andika wewe tarehe, saa na namba ya ofisi.

Na sisi tunaandika. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 18 Februari 2006 kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka petisioni kwa mkubwa wa serkali, peke yake ama pamoja na wengine, na mkubwa huyo anapaswa kujibu ndani ya miezi 3. Petisioni yetu inaenda kwa waziri wa ESU na kwa gavana wa Maniema. Tutahesabu siku, na tutazitangaza hapa kwenye ukurasa huu.

Kama wewe ama ndugu yako kredi zake zilifutwa, piga picha ya releve, funika jina, ututumie. Walio Nyangwe bila intaneti wampe kijana wetu siku ya soko. Tunataka zile karatasi ziwe nyingi mpaka bahasha ishindwe kufungwa.