Ukuta mnene au dari?

Wamama, mama mmoja wa likelemba yetu aliniuliza: pesa ya zamu yake inunue matofali ya kujenga ukuta mara mbili, watoto wasilale katika joto? Nikamwambia angoje. Hapa Kibombo jua la saa sita liko karibu juu ya kichwa. Linapiga manjanja, si ukuta. Na ukuta mnene uliokunywa jua mchana kutwa unatoa joto usiku, watoto wakiwa wamelala. Upande wa magharibi, baraza inasaidia kuliko tofali la pili. Pesa iende kwenye dari ya mikeka, na matundu ya hewa juu yake. Fundi alinuna (analipwa kwa tofali!). Jikoni tu asiweke mikeka: moto.