Dada wa Mtoto Mwenye Usonji Naye ni Mtoto

Wazazi wenzangu wa Lushoto na Bumbuli, wazee wa koo, walimu, mashehe na wachungaji, leo nataka tumzungumzie mtoto tusiyemwona kwa sababu hasumbui. Penye mtoto mwenye usonji, macho yote humwendea yeye. Mama humhangaikia, bibi humwombea, majirani humsema. Pembeni yake amesimama dada yake, au kaka yake, wa miaka tisa au kumi, amemshika mkono. Huyo hakuna aliyemuuliza hali.

Nimemtazama binti mmoja wa darasa la tano akipanda na mdogo wake kutoka bondeni kwenda dukani. Amefunga ncha moja ya kanga kiunoni mwake na ncha ya pili kiunoni mwa mvulana, kwa sababu mvulana akisikia maji huyakimbilia, na njia zetu za huku upande mmoja ni mteremko wa kuvunja shingo. Kabla bodaboda haijachomoza kwenye kona yeye alikwisha kuisikia. Akasimama, akamgeuza mdogo wake akaelekea kwenye ubavu wa mlima, akamziba masikio kwa viganja mpaka kelele ikapita. Dukani muuzaji akampa biskuti za karatasi nyekundu. Akazirudisha kwa adabu, akaomba za buluu, maana nyekundu mvulana hazili. Muuzaji akamwambia anamdekeza. Binti hakujibu kitu, akalipa, wakaondoka.

Maarifa yale hakufundishwa na daktari wala mwalimu. Ameyaokota mwenyewe, siku baada ya siku, na wengi wetu watu wazima hatuna hata robo yake. Sisi kazi yetu ni kumsifu: mtoto huyu ana moyo, mtoto huyu ni mama wa pili. Sifa hiyo ni ya haki, lakini tumeifanya njia rahisi ya kumwongezea mzigo. Tukishamsifu tunaona tumemlipa.

Tuanze na jambo lenyewe, maana mtoto huyu kwanza amedhulumiwa kwa kufichwa ukweli. Usonji si homa wala wazimu, wala si malezi mabaya. Ni namna ubongo wa mtoto unavyojengeka tangu akiwa mchanga, hata namna yake ya kusema, ya kusikia kelele na ya kukaa na watu ikawa tofauti na ya wenzake. Wapo wasiotamka neno maisha yao yote, wapo wanaosema sana na kusoma vizuri. Mvua ya masika ikipiga bati, sisi tunajifunika blanketi tukalala, naye anaona kama anapigwa yeye. Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alieleza hali hii mwaka 1943 katika habari za watoto 11, na Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba inampata takriban mtoto 1 kati ya 100. Basi haiwezekani kuwa ni ya nyumba moja iliyolaaniwa huko kijijini kwenu.

Wala tusidhani kwamba sisi tu ndio tuliotafuta mchawi. Huko Ulaya na Marekani wasomi walikaa miaka mingi wakiwatuhumu akina mama, wakisema ubaridi wa mama ndio uliomfunga mtoto. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwenyewe alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji, alitoa kitabu cha kuipinga dhana hiyo. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichunguza mapacha nchini Uingereza, na ikadhihirika kwamba urithi wa damu una nafasi kubwa. Akina mama wakatuliwa mzigo ambao hawakustahili kuubeba.

Lakini ukweli huo umfikie na mtoto anayelala kitanda kimoja na mdogo wake. Usipomwambia wewe atajitungia wake. Mmoja ataamini kwamba mdogo wake amekuwa hivyo kwa kuwa yeye alimwangusha siku moja alipombeba mgongoni. Mwingine ataogopa kula naye sahani moja asije akaambukizwa. Mwingine amemsikia shangazi akinong'ona juu ya jirani fulani, naye amebeba chuki ya watu wasio na kosa. Mkalishe, mwambie kwa maneno machache: mdogo wako alizaliwa hivi, si wewe uliyemfanya awe hivi, hataacha kuwa hivi kwa kupigwa, na anajifunza, ila kwa mwendo wake. Akikua mwambie na la damu pia, kwamba katika familia yenye mtoto mmoja mwenye usonji, uwezekano wa mdogo anayefuata kuwa nao ni mkubwa kuliko kwa watu wengine. Hilo lisemwe ili wadogo wachunguzwe mapema kliniki. Lisigeuzwe neno la kuvunjia posa za mabinti.

Enyi wazee wangu wa Usambara, nanyi mnayo hadithi inayowahukumu katika hili. Abdallah bin Hemedi aliyeandika Habari za Wakilindi anatusimulia juu ya Mbega, kwamba aliota meno ya juu kwanza, akawa kigego, yaani mtoto anayedhaniwa kuleta mkosi. Wazazi wake walimpenda wakamtunza, lakini ulipofika wakati wa urithi ndugu wakamkana, wakasema kigego hana fungu. Akatoka kwao na mbwa wake wa kuwindia, akaja katika milima hii, akawapa watu nyama, na watu wa Vuga wakamfanya mfalme. Ukoo uliotawala Usambara kwa vizazi na vizazi ulitoka kwa mtoto ambaye ndugu zake walimwita mkosi. Tunaisimulia kwa fahari, kisha tunarudi nyumbani tunamfungia mtoto ndani wageni wakija.

Najua yupo mzee atakayenijibu: sisi nasi tulilea wadogo zetu mgongoni huku tukichunga mbuzi, na hakuna aliyetuonea huruma, ndugu kumlea ndugu ndiyo desturi. Namheshimu mzee huyo, na desturi hiyo naipenda. Ila azitazame nyumba za siku zile. Bibi alikuwapo uani, shangazi alikuwa ng'ambo ya kijito, binamu walikuwa kundi zima, na mtoto akitoroka mikono kumi ilimdaka. Leo baba yuko Dar es Salaam au Tanga anatafuta, mama yuko shambani kwenye matuta ya kabichi na karoti tangu alfajiri, na siku ya gulio anashuka na kikapu cha peasi. Binamu wako shule. Kazi iliyokuwa ya mikono kumi imebaki kwa miwili, nayo ni midogo. Hiyo si desturi tena. Tumebakiza jina lake tu.

Na shuleni tunafanyaje? Mvulana akipiga kelele darasani, mwalimu hufungua mlango akaita: mwiteni dada yake. Dada anaacha hesabu katikati, anakwenda kumtuliza, anarudi wenzake wamekwisha kufuta ubao. Mtihani ukija anashindwa, nasi tunasema hana akili. Walimu wangu, najua madarasa yamejaa na wengi wenu hamkufundishwa kazi hii. Lakini kama binti wa miaka kumi ameweza kujua kwamba mdogo wake hutulia akiwekwa karibu na dirisha na kuachwa na kamba yake mkononi, mwulizeni, muyaandike atakayowaambia, kisha mmrudishe darasani mwake abaki huko.

Wilaya yetu si masikini wa mifano. Pale Irente, juu ya lile genge ambalo wageni hutoka mbali kuja kulitazama, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri kupitia Dayosisi ya Kaskazini Mashariki limekuwa na shule ya wasioona tangu miaka ya 1960, na tangu mwaka 2005 ipo Shule ya Irente Rainbow kwa ajili ya watoto wenye usonji na wenye ulemavu wa akili. Mtoto anayejifunza kuvaa shati, kwenda chooni na kungoja zamu yake amempunguzia dada yake kazi pia, ingawa hatujazoea kuhesabu hivyo. Tena mwaka 2007 kilianzishwa Magamba chuo chenye jina la Askofu Sebastian Kolowa, kikatilia mkazo elimu maalum. Kwa hiyo mtu wa Lushoto asiseme kwamba mambo haya ni ya kigeni. Lakini Irente ni moja, na Mtae na Mlalo ni mbali kwa mtoto asiyevumilia hata honi ya gari.

Kwa hiyo vijijini lianze lile tunaloliweza. Huko Seattle, Marekani, katika miaka ya 1980 Don Meyer alianzisha mikutano ya watoto ambao ndugu zao wana ulemavu. Hawafundishwi uuguzi pale. Wanacheza, wanakula, na katikati ya michezo kila mmoja anasema lile ambalo nyumbani hawezi kulisema: kwamba anampenda kaka yake, na kwamba jana alimwonea haya. Jambo hili halihitaji mfadhili. Linahitaji chumba cha shule ya Jumapili au kibaraza cha madrasa, mpira mmoja, na mtu mzima anayejua kunyamaza akasikiliza. Mchungaji na shehe wa kata moja wanaweza kulifanya pamoja, maana usonji hauulizi dini.

Nyumbani nako mtoto huyu apewe saa zake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imetaja kucheza na kupumzika pamoja na chakula, mavazi na elimu, kwa hiyo si hisani tunayomfanyia. Jumamosi mchana kaka mkubwa amshike mdogo, au baba aliyepanda kutoka mjini kwa mapumziko, badala ya kukaa kijiweni. Baba atahangaika, atakosea biskuti, atashindwa kumtuliza, naye ajifunze kama alivyojifunza binti yake. Na siku binti akisema amechoka, asiambiwe kwamba Mungu hapendi. Kuchoka na kupenda hukaa katika moyo mmoja, kila mama anajua.

Limebaki la mwisho, nalo ndilo ndugu hawa wanaliwaza usiku bila kulitamka: wazazi wakifa, huyu atakuwa wa nani? Kwa kawaida tunanyamaza, kisha kwenye arobaini ukoo unamtazama dada. Ameolewa Korogwe, ana watoto wake, mume hakuambiwa lolote, na shamba la mvulana limekwisha kugawanywa kwa wajomba na baba wadogo. Ndugu zangu, kikao hicho kiitwe wazazi wakiwa hai. Fungu la shamba la mtoto mwenye usonji litajwe kwa mipaka yake, liandikwe mbele ya mtendaji wa kijiji na mashahidi, na ijulikane nani atalilima na mavuno yatamfikiaje. Zamu za kukaa naye zigawanywe kwa ndugu wote, wanaume kwa wanawake, pamoja na wale walioko mijini. Dada yake awe ndani ya kikao hicho, aulizwe yeye kwanza anaweza kiasi gani, na atakachosema kiandikwe kama alivyokisema.