Kabla Upande Ndege Ukatengeneze Meno Uturuki, Tuongee Kidogo

Fungua TikTok yako saa hii uhesabu ni klipu ngapi zitapita kabla uone mtu amelazwa kwa kiti cha daktari wa meno Istanbul. Mi nilijaribu jana usiku, nikafika ya saba tu. Jamaa anaingia na meno ya kawaida, muziki unabadilika, anatoka na meno meupe kuliko taili za bafu. Chini kuna namba ya WhatsApp na ofa: meno ishirini, hoteli, na gari ya kukuchukua uwanja wa ndege. Wiki moja na umemaliza.

Waingereza ndio walilipa hili jambo jina, meno ya Uturuki, baada ya mastaa wa Love Island kurudi nyumbani wakiwaka mdomo mzima. Chama cha madaktari wa meno wa huko kimeonya mara kadhaa kuhusu hizi safari. Lakini onyo halina muziki wala kabla-na-baada, kwa hivyo haliendi mbali. Sasa hata kwa magrupu yetu wasee wanaulizana nauli.

Niseme ukweli, nimeiuliza pia. Mi ni mtoto wa Nakuru, na kama we ni wa Nakuru ushajua naelekea wapi. Meno yangu mawili ya mbele yana mabaka ya kahawia. Nilipokuja shule Nairobi niliitwa "Majani", kama majani chai. Kila mtu alidhani sipigi mswaki, ama navuta fegi kwa maficho. Chuoni (kabla niachane nacho, hiyo ni stori ya siku ingine) nilikuwa nimezoea kucheka mdomo umefungwa. Kwa intavyu ya kazi ya kaunta, bosi aliongea na meno yangu nusu saa nzima, macho yangu hakuyaona. Kazi sikupata. Kwa hivyo mtu akikuambia mambo ya meno ni kiburi cha masoshalaiti tu, mwambie atembee Nakuru.

Shida inatoka kwa maji. Bonde la Ufa limekaa juu ya mawe ya volkano, na hayo mawe yanaachilia floraidi kwa maji ya chini. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, na visima vingi huku viko juu ya hapo. Ukiyanywa ukiwa mdogo, meno ya ukubwani yakiwa bado yanajijenga ndani ya ufizi, yanatoka na mabaka. Mpaka kama miaka 8 hivi. Ukishapita hapo hata unywe nini hayabadiliki, na mswaki hauna cha kufanya kwa sababu rangi iko ndani ya jino lenyewe.

Sasa turudi Istanbul. Watu wanasema "vinia" kwa kila kitu, na hapo ndipo wengi wanapigwa. Vinia ni kigae chembamba cha kauri kinachobandikwa mbele ya jino. Daktari anakwangua upande wa mbele kidogo, mara nyingi chini ya milimita moja. Lakini meno mengi unayoona kwa hizo klipu ni krauni, yaani kofia inayofunika jino lote. Ili kofia iingie, jino linasagwa pande zote mpaka libaki kijiti. Umeona zile picha za watu na vijino vyembamba kama vya papa? Hiyo ndiyo sehemu ya katikati ambayo klipu inaruka.

Krauni kwa jino lililooza sana ama lililovunjika ni tiba, hakuna ubishi. Shida ni kusaga meno ishirini mazima ya mtu wa miaka 24. Hizo kofia kwa kawaida hukaa miaka 10 hadi 15, halafu zinabadilishwa. Piga hesabu: 38, 52, 66. Kila mara ni doo, na kila mara jino la chini linabaki kidogo zaidi. Mengine mshipa wake unakufa kwa sababu ya ule msago, inabidi utibiwe mzizi. Na ikianza kuuma baada ya miezi mitatu, nauli ya kurudi Uturuki analipa nani? Mwenye ile namba ya WhatsApp?

Nafikiri tunachanganya meno na mwili wa jimu. Ukienda Diani wiki nzima ukakula viazi karai na mahamri asubuhi, mchana na jioni, umetoka kwa mstari, lakini si hatari. Mi nikisafiri napiga push-up zangu kando ya kitanda cha gesti, natembea ufuoni badala ya kuita boda, na hata nisipofanya kitu, nikirudi Nairobi wiki mbili tatu mwili unarudi. Msuli unasamehe. Enameli, lile ganda gumu la jino, likisagwa leo limeenda. Hakuna diet, hakuna zoezi, hakuna dawa ya kulirudisha. Huwezi kulipangia safari vile unapangia tumbo la Disemba.

Kliniki ya kwanza niliyoingia hapa Nairobi ilinipigia hesabu ya vinia kumi, thao arobaini kwa kila moja. Laki nne! Mi naishi bedsitter. Hawakuniuliza hata nataka meno mangapi yaguswe. Ya pili ndiyo ilinifungua macho. Daktari aliangalia akasema mabaka yangu hayajaenda ndani sana, tuanze na njia ndogo: kung'arisha kwa dawa, halafu kusugua lile tabaka la juu kabisa, na kukibaki alama anaziba na resini ya rangi ya jino. Resini haidumu kama kauri na inashika rangi ya chai, lakini jino langu linabaki langu. Vinia zitakuwepo tu kama nitazihitaji nikiwa na miaka arobaini.

Kwa hivyo ukienda kuuliza, swali la kwanza lisiwe bei. Uliza "utasaga kiasi gani?", halafu "kama sitasaga, kuna njia gani?" Akikwepa, simama uende. Cheki jina lake kwa orodha ya KMPDC, iko mtandaoni, inaonyesha kama ana leseni. Msee wa saluni anayebandika meno kwa gundi hayuko hapo. Na kama mfuko umetoboka, Chuo Kikuu cha Nairobi kina hospitali ya meno ya kufundishia, ambapo wanafunzi wanatibu wakisimamiwa na walimu wao. Utakaa kwa foleni, lakini utakaa.

Wenye watoto wadogo msidhani hii ni shida ya Nakuru peke yake. Visima vingi vya Nairobi pia vina floraidi ya juu, na ploti kibao zinategemea kisima ama boza lililojaza kisimani. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua na floraidi inabaki palepale. Maji ya mvua ni afadhali. Kuna pia vichujio vya mkaa wa mifupa, Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imefanya hiyo kazi miaka mingi.

Miadi yangu ni Jumanne saa nne. Meno mawili ya mbele tu. Mathe alipiga simu kuuliza kama itauma, nikamwambia sidhani. Halafu nikamuuliza mtoto wa sistangu, ana miezi minane, maziwa yake wanakoroga na maji gani. Akanyamaza kidogo.

"Si ya kisima tu," akasema. "Ile ile mlikunywa nyinyi."

Wikendi nashuka Nakuru tuangalie bei ya tangi.