Mita Sitini Kutoka Wapi?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo nguvu yake hufika hadi Mafia, hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Shabaha yake ni njema na hatuna ugomvi nayo. Swali letu, ambalo linawahusu pia ndugu zetu wa Unguja na Pemba wenye sheria zao wenyewe, ni hili: hizo mita 60 huanzia wapi?

Kila mvuvi anajua kwamba ukingo wa maji haukai mahali pamoja. Wakati wa bamvua bahari yetu huweza kupanda na kushuka kiasi cha mita 4 kwa siku. Palipo na mteremko wa mita 1 kwa kila mita 20, tofauti ya mita 1 tu ya kimo cha maji husogeza ukingo huo kwa mita 20. Tena kuna pepo: mchanga uliochukuliwa na kusi, mara nyingi hurudishwa na kaskazi.

Kwa hiyo afisa anayelinganisha picha mbili, moja ya ndege ya zamani na nyingine ya satelaiti ya juzi, akaona maji yamesogea mita 15, bado hajathibitisha kitu. Huenda moja ilipigwa maji yamejaa na nyingine yamekupwa. Katika picha za satelaiti ya kwanza ya Landsat, iliyorushwa mwaka 1972, kila nukta ilifunika ardhi ya upana wa karibu mita 80. Mita 15 humo ni kitu cha kubahatisha. Hata zile picha safi za ndege zisizo na rubani, zilizopigwa Zanzibar katika kazi ya ramani iliyoanza mwaka 2016, haziwezi peke yake kueleza mwendo wa pwani. Hazina budi kurudiwa.

Wataalamu waangalifu hufuata alama iliyotulia zaidi, kama vile mwisho wa mimea ya kudumu. Huweka mstari wa msingi upande wa nchi kavu, wakapima kutoka hapo kuelekea baharini, mahali pale pale, kwa kila mwaka wenye picha. Kosa linaloweza kuwamo huandikwa kando ya jibu. Ripoti isiyo na hesabu ya kosa hilo, kwa maoni yetu, irudishwe kwa aliyeileta.

Hasara ya kutopima tumekwisha kuiona. Kisiwa cha Maziwi, mbele ya Pangani, kilikuwa na mivinje na kasa wakitaga mayai. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha na maji makuu yakikifunika. Wako wanaolaumu shoka na wako wanaolaumu bahari. Vipimo vya kila mwaka vingalipunguza ubishi huo, na pengine vingalitoa onyo mapema.

Wala haisemeki kwamba fedha hakuna. Mwaka 1961 mtaalamu wa Marekani, K. O. Emery, alieleza njia ya fimbo mbili za urefu sawa zilizoandikwa vipimo, na kamba kati yake. Mpimaji husimama kwenye fimbo ya juu, akalinganisha ncha ya fimbo ya chini na upeo wa bahari, akasoma mteremko umeshuka kiasi gani. Kazi hiyo vijana wawili wa shule wanaiweza.

Tunashauri kila shehia na kijiji cha pwani kiwekewe nguzo ya saruji mbali na mawimbi, na vipimo vichukuliwe kutoka hapo kila mwezi, maji yakiwa yamekupwa siku za bamvua. Daftari likae kwa sheha au ofisi ya kijiji, nakala iende wilayani. Na atakayeomba kujenga hoteli au ukuta ufukweni aonyeshwe daftari hilo kabla ya kupewa kibali, si baada ya ukuta kuanguka.