Majina Chini ya Mkarafuu
Msimu wa karafuu ukifika Wawi, kisiwani Pemba, harufu hukupokea kabla ya watu: majamvi yameanikwa mpaka ukingoni mwa barabara, na kiwandani makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yanapikwa kupata mafuta. Nikiinusa harufu hiyo humkumbuka Lubaina Himid, msanii aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954, akapelekwa Uingereza akiwa bado mchanga, na mwaka 2017 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kushinda Tuzo ya Turner ya sanaa. Kazi yake inayonigusa zaidi ni Naming the Money ya mwaka 2004: sanamu 100 za mbao, kimo cha mtu, zilizopakwa rangi za kung'aa. Ni Waafrika waliotumikishwa katika majumba ya wakubwa wa Ulaya, wapiga ngoma, wafinyanzi, hata wafunza mbwa, na kila mmoja ana jina lake la asili na lile alilobandikwa na bwana. Sisi wa Pemba je? Kimbunga cha 1872 kiliifyeka mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa, mashamba yakatanuka kwa mikono ya watumwa hadi sheria ilipoacha kuutambua utumwa mwaka 1897. Wenye mashamba tunawajua mpaka ukoo wao. Waliochimba mashimo, wakapanda, wakapalilia, wakapanda juu ya matawi yale membamba kuchuma, hatuwajui. Natamani msanii kijana wa hapa Pemba achukue mbao na rangi awasimamishe, mmoja mmoja, chini ya mikarafuu ya Wawi, na wazee wetu waitwe kutaja majina wanayoyakumbuka.